Mabegi ya Mafuriko na Lango la Nyuma

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa maghala,
Wasimamizi wa kazi mliofuatana naye,
Mwenyekiti wetu, wazazi wenzangu, na watoto mliokaa mbele,

Kabla ya salamu naomba nianze na rangi. Siku nilipoletwa mtaa huu nikiwa bibi harusi, kitu cha kwanza nilichokiona, hata kabla sijawajua mawifi zangu, ni kwamba nyumba zote zilikuwa na rangi mbili. Juu nyeupe, chini kahawia, na mstari wa kuzigawa ulikuwa usawa wa bega langu, nyumba hadi nyumba, mpaka vyooni. Nikamwambia mama mkwe kwamba watu wa huku wanapendana, wamekubaliana hadi rangi. Alikuwa anakunja nguo. Hakucheka. Akasema, "Hiyo si rangi, mwanangu. Hapo ndipo maji yalipofika."

Tangu siku ile mvua ikinyesha silali vizuri. Sasa nimekuwa mama, na wanangu wote wawili wakiwa sakafuni, vichwa vyao viko chini sana ya mstari ule.

KARIBU KWETU

Sisi wazazi wa mtaa wa chini ya ukuta tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Tumeona umekuja kwa miguu kutoka darajani kwa sababu gari lako lilikataa tope, na viatu vyako pia tumeviona. Tunaomba radhi kwa tope hilo, ingawa si sisi tuliolileta. Kiti ulichokalia ni cha mwenyekiti wetu, mpimaji wa maghala yako, ambaye sisi tunamwita Mzee Mizani. Ndicho kiti pekee mtaani chenye mikono yote miwili.

Utuwie radhi pia kwa msomaji. Kwenye kikao, kila aliyetajwa kusoma risala alishikwa na kikohozi. Mzee Mizani ana sauti ya kusimamisha lori lililoko ng'ambo ya mto, lakini alisema mbele ya bosi wake itamfia kooni. Ndipo wakanigeukia mimi. Mama mmoja akasema, "Huyu mwandiko wake unasomeka." Mwingine akasema, "Halafu ni kibarua wa siku. Hana kazi ya kunyang'anywa." Wakacheka, nami nikacheka, lakini tulipomaliza kucheka hakuna aliyetaja jina lingine.

Mimi shule niliishia darasa la tano. Dukani, nikikuta watu wengi, huwa nasubiri waondoke ndipo niagize chumvi. Kwa hiyo nikisoma polepole, mgeni rasmi, usidhani ni maringo. Ni darasa la tano hilo.

TULIKOTOKA

Karibu sisi sote tunapata riziki kwenye magunia yako. Kina mama tunashona mapya na kutia viraka yaliyochanika, kina baba wanapakia na kupakua. Shazia, ile sindano kubwa ya magunia, watoto wetu wanaijua kabla hawajaijua kalamu. Haya tutakayokuomba leo tunayaomba tukijua chungu chetu kinachemka kwa nani.

Mtaa wetu uko bondeni, mto upande mmoja, ukuta wa maghala upande mwingine. Mto umezuiwa na tuta la udongo. Kwenye ukuta ardhi inaanza kupanda, na maghala yenyewe yako juu, pakavu. Mafuriko yaliyoacha mstari ule yalikuja mchana, wakubwa wengi wakiwa kazini na watoto wakiwa nyumbani. Waliokuwepo wanasema hayakuja kwa kishindo. Yalipanda vizingiti kimyakimya, watu wakawa wanayafagia nje na wanataniana, halafu tuta likaachia.

Waliokimbilia barabara ya daraja wengi hawakufika. Wewe umeipita leo, umeona: kabla ya kupanda, barabara ile kwanza inashuka hadi kando ya mto. Waliopona ni waliopita lango la nyuma la maghala, lile linalotazamana na bomba la maji la mtaa. Mama mkwe wangu alipita hapo na mume wangu begani, wakati huo akiwa mtoto wa kunyonya. Akisimulia husema hivi: "Mlinzi hakuniuliza natoka wapi. Alisimama pale kashika lango kwa mgongo wake, anasema ingieni, mama zangu, ingieni." Mume wangu leo ni dereva wa lori lako, na hivi tunavyozungumza yuko safarini na mzigo wako. Yupo duniani kwa sababu siku ile lango lilikuwa wazi.

Miaka ikapita, sukari ikaibwa ghalani. Hatubishi. Mwizi alitoka mtaa huu na alipitia lango lile. Ameshahama, lakini aibu yake ametuachia sisi. Lango likachomelewa kwa chuma juu na chini. Hatukulalamika, maana mali ni yako na aliyeumizwa ni wewe. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawajui kama lile ni lango. Wamelichorea goli kwa mkaa, wanapigia mpira.

TULICHOFANYA

Mwaka jana redio ilipoanza kutangaza kwamba mvua zitakuwa kubwa, kila mtu aliogopa kivyake na kunyamaza. Kilichotutoa kwenye kunyamaza ni mtoto. Mama mmoja alimkuta mwanawe uani amewapanga wanasesere kwenye tope, wengine amewazika hadi shingoni. Akamuuliza, "Unacheza mchezo gani huo?" Mtoto akajibu bila kuinua kichwa, "Mafuriko. Huyu amepona, hawa bado." Jioni ile tulikutana, bila hata kuitana rasmi.

Tulikata shauri kila nyumba iwe na begi moja la dharura, limefungwa tayari, linaning'inia nyuma ya mlango. Ofisi yako ilitupa magunia yaliyochakaa na tunakushukuru sana kwa hilo. Tuliyafua, tukayakata, tukayatia nailoni ndani. Mle tumeweka maji ya kunywa, unga wa uji, chumvi na sukari za kumkorogea mtoto akiharisha, dawa ya homa, tochi na betri zake zimefungwa kando, filimbi, sabuni, vitambaa vya kina mama na nguo za watoto za kubadilisha. Vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki viko kwenye plastiki tuliyoiziba kwa nta ya mshumaa. Viberiti viko ndani ya chupa.

Ugomvi ulikuwa kwenye wanasesere. Baba mmoja alimfokea mkewe, "Maji yanakuja, nyie mnapakia midoli?" Mke akamjibu, "Na sigara zako pale chini ya unga zinamwokoa nani?" Kikao kikaamua midoli itoke, sigara zitoke. Baadaye tukasikia vyote vimerudi kwenye mabegi, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Kutunza begi kuna kazi kuliko kulijaza. Unga unaingia wadudu, betri zinatokwa maji, mtoto anakua na nguo inamkataa. Halafu kuna jaribu lenyewe. Mtoto anachemka homa, duka limefungwa, na dawa inaning'inia pale nyuma ya mlango. Utaitazama tu? Tumezitoa, mgeni rasmi, tena mara nyingi. Tulichokubaliana ni kwamba anayetoa anamwambia jirani, na jirani anamkumbusha kurudishia bila kumsema. Pale mtaani hilo la bila kumsema limetushinda kidogo, lakini tunajitahidi.

Yapo maandalizi yasiyoingia begini. Tumewafundisha watoto kutaja majina ya wazazi wao na mahali wanapoishi, hata wakiulizwa ghafla. Tumeandika majina yao ndani ya kola za nguo kwa wino usiotoka. Siku naandika, mwanangu mkubwa, ambaye ni msichana, aliniuliza, "Kwani nitapotea?" Nikamwambia, "Hupotei." Akasema, "Basi andika na lako kwenye gauni lako, tuwe sawa." Niliandika. Liko hapa, ndani ya kola niliyovaa.

Na wako watoto ambao siku hizi wanalala na viatu. Hilo hatukuwafundisha.

YALIYOTUPATA KWENYE ZOEZI

Hapa naomba uvumilivu wako, maana ndipo penye uzito.

Sisi tunajua mambo mawili vizuri: kushona magunia na kubeba watoto. Basi tulipofika kwenye kamba za begi, hatukusumbua akili. Tulizishona kama mbeleko. Pana, zinapita chini ya kwapa, fundo linakaa kifuani. Mzee Mizani akatushauri kwa kazi yake. Alisema begi likizidi uzito litamwangusha mama njiani, kwa hiyo lisimpite mtoto wa mwaka mmoja, "maana mzigo huo migongo yenu inaujua." Tulimpigia makofi. Tulivaa mabegi yetu uani tukatembea nayo, yakatulia mgongoni vizuri ajabu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka.

Siku ya zoezi ilikuwa mchana, jua kali, mto uko mbali chini. Filimbi ikalia, kila mtu akachukua begi na wanawe, tukashika njia ya daraja. Aliyefika juu wa kwanza ni mwenzetu tunayemwita Kasi, kwa jinsi anavyoshona. Alifika anahema na kucheka, jasho linamtiririka, begi limemkaa mgongoni barabara. Tuliokuwa nyuma tukampigia vigelegele. Mzee Mizani alikuwa amesimama juu akipokea watu. Akamwambia, "Hongera, binti yangu. Mtoto umemwachia nani?"

Kasi akasema, "Si huyu hapa."

Akapeleka mkono nyuma akalipigapiga begi taratibu, kama unavyompigapiga mtoto asiamke.

Vigelegele vikakatika. Mimi nilikuwa karibu naye. Niliona mkono wake ukisimama, halafu ukaanza kulipapasa lile begi, unatafuta mguu, unatafuta kichwa. Alishuka ile barabara mbio kiasi kwamba wanaume wawili walimfuata wasimpate. Mtoto alimkuta kitandani alipomlaza, amelala, kidole mdomoni.

Siku ile hakukuwa na maji, mgeni rasmi. Ilikuwa jua.

Tusije tukaeleweka vibaya. Kasi si mama mzembe. Ndiye anayekumbuka kuwachukua watoto wa wenzake shuleni, wenyewe wakiwa wamesahau. Nilimuuliza kama niruke habari hii. Akasema, "Isome. Nikiificha mimi, kesho atasahau mwingine." Na kweli, tulipokaa kuulizana, kina mama wengi walikiri kwamba wakati wa kusubiri filimbi walikuwa wanayumbayumba, wanabembeleza begi. Mgongo ulisikia uzito uleule na joto lilelile, fundo likabana kifuani palepale, ukatuambia mtoto yupo. Tulikuwa tumejishonea wenyewe kitu cha kutusahaulisha watoto wetu, tena kwa mikono ya wazazi.

Tulifumua kamba zote. Sasa begi linavaliwa ubavuni, linagonga paja kila hatua, linaudhi. Tunataka liudhi. Juu yake tumeshona kitambaa chekundu, na sheria yetu ni kwamba mkono ukigusa kitambaa, mdomo umtaje mtoto, mmoja mmoja, wote. Ndiyo maana tulipokuonyesha mabegi uliona tunanong'ona. Msimamizi wako mmoja akavua kofia akidhani tunasali. Tulikuwa tunataja watoto.

KINACHOTUTIA HOFU

Mvua za mwaka huu zimetangulia. Mzee Mizani alichomeka vijiti ukingoni mwa mto ili tuone maji yanavyopanda. Kijiti cha chini hatukioni tena, na cha katikati kinaonekana kichwa tu. Nyumba ya mwisho, ile inayopakana na tuta, sakafu yake imeanza kutoa unyevu ingawa paa halivuji. Mwenye nyumba alitandika magunia, yakalowa. Akatandika mengine, yakalowa. Tulipokwenda kumwangalia alituambia, "Mimi nafagia tu, jamani," na pale tukakumbuka yale tuliyosimuliwa, watu wakifagia maji nje na kutaniana. Hakuna aliyetania.

Baada ya kubadilisha kamba tulirudia zoezi kwa barabara ya daraja. Hatukusahau mtoto. Lakini wazee na wenye watoto zaidi ya mmoja waliachwa nyuma, na wengi walikuwa bado wanashuka kuelekea mtoni wakati ambapo, kwa kumbukumbu za waliopona zamani, maji yangekuwa yameshafika pale. Mama mkwe yeye hakwenda kabisa. Anasema, "Nyie kimbieni. Mimi nina kabati la mbao ngumu, nitapanda juu." Tunacheka naye. Lakini nikifuta vumbi lile kabati, naona alama ya maji ya zamani imepita karibu na kilele chake.

Tunaogopa na kitu kingine, kidogo kuliko maji lakini kinauma. Tunaogopa kukuudhi. Watu wamekuja hapa na hofu mbili, na wengine hiyo ya pili ndiyo iliyowafanya wakae nyuma kabisa.

TUNAYOYAOMBA

Tochi ulizotuletea tumezipokea kwa mikono miwili, na redio pia.

Tunaomba king'ora kinacholia watu wanapobadilishana zamu kitumike na kwa ajili ya maji, mlio mrefu bila kukatika, ili hata mama aliyeko jikoni ausikie. Walinzi wako wako juu, wanaona mto kabla yetu.

Tunaomba magunia mengine yaliyochakaa, kwa ajili ya kujaza udongo na kuegemeza tuta pale nyumba ya mwisho. Kushona tutashona wenyewe, nje ya saa za kazi.

Ombi lililobaki ni lango.

Kwenye kikao ombi hili lilitugawa. Mzee Mizani alisema, "Hilo tuliache. Mtu amekuletea tochi, wewe unamwomba ukuta wake?" Kasi akamjibu, "Na hiyo tochi itanisaidia nini, mzee wangu? Niyaone maji vizuri?" Mzee akachukua kalamu akalikata ombi. Kasi akaliandika upya kwa kalamu ya rangi ya mwanawe, kijani. Mzee akalikata tena, Kasi akaliandika tena. Mara ya mwisho mzee akairudisha kalamu yake mfukoni. Akasema, "Haya. Kama ni kufukuzwa, tufukuzwe tukiwa wazima."

Hatuombi liwe wazi kila siku, mgeni rasmi. Liwekwe komeo kwa ndani, ufunguo ukae na mlinzi wako, lifunguliwe king'ora kikilia na siku za mazoezi tu. Siku ya mazoezi msimamizi wako asimame pale, atukague tukiingia na tukitoka, hata mabegi ayafungue. Akitokea mmoja wetu akapitisha hata kijiko cha sukari, lichomelewe tena na sisi hatutafumbua mdomo.

Fundi aliyelichomelea kwa agizo lako ni wa mtaa huu. Ni yule pale nyuma mwenye kofia, aliyeinamisha kichwa. Hajatutuma tumtaje, na tumemsihi asiondoke. Anasema alipolifunga hakuwa na mtoto. Sasa anao, na atalikata bila malipo siku yoyote utakayosema, hata leo, vifaa vyake ameviacha nyumbani karibu na mlango.

TUNAPOFUNGA

Mgeni rasmi, Mungu akurudishe salama kwa njia uliyojia, akukutanishe na wanao wakiwa wazima, na nyumba yako isijue maji isipokuwa ya kuoga. Awalinde madereva wako barabarani. Akupe kutusikia bila kutukasirikia.

Risala iliyopitishwa na kikao inaishia hapo. Mwenyekiti ananiangalia kwa sababu anaona karatasi yangu bado ina maneno. Haya yaliyobaki nimeyaandika asubuhi, peke yangu, na hakuna aliyeyasoma. Naomba mnivumilie. Mama mkwe sasa hivi amewatoa wanangu nje. Nilimwomba afanye hivyo nikifika kwenye dua, sikumwambia kwa nini.

Nina watoto wawili. Mkubwa, huyo niliyesema aliniandikisha jina kwenye kola, ana akili za kunizidi, lakini miguu yake haijawahi kumbeba tangu azaliwe. Mdogo ndiyo kwanza anasimama kwa kushika kiti. Baba yao siku nyingi yuko barabarani. Majirani wananiambia tutasaidiana, na najua wanasema kweli, lakini siku hiyo kila mmoja atakuwa na wake.

Nimejaribu kuwabeba wote wawili kwa njia ya daraja. Mmoja mgongoni, mmoja kifuani, bila begi, siku ya jua. Nikifika pale barabara inaposhuka, magoti yanakwisha. Nimejaribu tena na tena, nikiwaambia tunakwenda kutembea.

Kutoka mlangoni kwangu hadi lango la nyuma ni karibu. Ningeweza kumpeleka mmoja, nikamweka juu pakavu, nikarudi kumchukua mwingine. Njia ya daraja haina kurudi. Ukishavuka umevuka, na nyuma yako ni mto.

Kwa hiyo nimeshachagua. Sikumwambia mume wangu, sikumwambia mama mkwe, hata kwenye sala sikulitamka. Nimechagua yule ambaye mwakani anaweza kukimbia mwenyewe. Kwenye mazoezi ndiye ninayemfunga mgongoni. Dada yake namwacha amekaa juu ya meza na bibi yake pembeni, na watu hawaulizi, kwa sababu ni zoezi tu. Huwa namwambia, "Kaa hapa, nakuja kukuchukua."

Zoezi la mwisho hakusubiri nimwambie. Alinitangulia. Alinitengenezea fundo la mbeleko kifuani, akalivuta kuona kama limekaza, akasema, "Nenda, mama. Najua utarudi."

Mgeni rasmi, kwa njia ya daraja, sitarudi.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Mtaa wa Chini ya Ukuta